Kona Niliyoitia Hewa

Mnanisumbua, ninyi vijana wa kanisani. Tangu Jumapili mnataka niandike habari ya Dafrosa, kana kwamba sina mahindi ya kupukuchua. Nilisoma hadi darasa la tatu, basi. Nitaandika, ila msinisahihishe.

Dafrosa ni mjukuu wangu, yuko kidato cha tatu. Shule ilimchagua kwenda maonyesho ya sayansi Mbinga. Atakayeshinda anakwenda Songea. Wiki nzima hakukaa kitako. Alichonga kipande cha mkaa, akachuma kahawa mbivu, akachana vijiti vya mianzi. Akanionyesha: mkaa ni kaboni, kahawa mbili ni oksijeni, kila moja imeshikwa kwa vijiti viwili. Ndiyo hewa tunayoitoa puani. Pembeni aliweka mfano wa maji: kahawa moja na punje mbili za mahindi, ndizo haidrojeni, zimekaa kwa kona.

Asubuhi ya safari, yeye akiwa anaoga, nikaitazama ile hewa. Imenyooka kama fimbo. Mimi nimelima ngolo, yale mashimo yetu ya mteremkoni, tangu sijaolewa. Nyasi zinalazwa zikipishana, kila mraba na kona zake, ndipo udongo haukimbii mlimani. Kwetu mstari usio na kona ni kazi ya mvivu. Nikachomoa vijiti, nikaipinda kama maji. Sikumwambia. Nilitaka ashinde.

Alipoondoka nikamsimulia jirani yangu Flaviani, mwalimu mstaafu. Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaacha kucheka.

"Mama, umemharibia mtoto."

Nikamwambia nilishika jembe yeye hajazaliwa. Lakini moyo haukutulia. Nikaenda kwenye kahawa, nikarudi. Nikawasha moto, nikauzima. Mimi niliyeapa kutopanda bodaboda nikapanda, macho nimefumba, rozari mkononi.

Ukumbini msimamizi alikuwa ameishika ile hewa, anamuuliza Dafrosa kwa nini imepinda.

"Nimeipinda mimi," nikasema toka mlangoni. "Yeye aliinyoosha."

Watu wakageuka. Yule bwana akanipa shikamoo, halafu akamwambia Dafrosa aitengeneze na aeleze, kama kweli anajua. Akainyoosha. Akasema kaboni ina mikono minne: miwili imeshika kushoto, miwili kulia, hakuna uliobaki. Pande mbili zinakimbiana mpaka mwisho, ndiyo maana imenyooka. Oksijeni ya kwenye maji ina jozi mbili za elektroni zisizoshika mtu. Hizo ndizo zinazosukuma yale mahindi hata yakapinda.

Yule bwana akaandika. Hakusifu, hakukemea.

Tulipofika nyumbani Dafrosa akasema, "Bibi, ngolo ni yako. Kaboni niachie."

Nimemwachia. Lakini matokeo yanabandikwa Mbinga Ijumaa, nami kiti hakinikaliki. Ninyi mlionisumbua niandike mna miguu: nendeni mkasome ubao, mje mniambie mimi kwanza, kabla Flaviani hajasikia.