Farasi Namba Nne Anachechemea

Kwenye duka la kubeti pale Mchafukoge naitwa Profesa, na jina hilo sikujipachika mwenyewe. Kwetu nilifuga punda, kwa hiyo miguu ya mnyama naijua. Kabla ya kila mbio za farasi nasogelea runinga, nawaambia wenzangu nani kashiba na nani kachoka, nao wanabeti kwa maneno yangu.

Jumamosi nikaona namba nne anachechemea, na tangu asubuhi walikuwa wanamkimbiza tu. Roho ikaniuma. Nikaenda dirishani, watu wote wakisikia, nikamwambia Mwanaidi, binti anayepokea mikeka yetu, yaani karatasi za kubeti: "Mwanangu, wapigie simu wenye farasi wampe maji huyu namba nne. Wakimkimbiza tena watamuua."

Mwanaidi akaniangalia kwa heshima zote. "Baba, hawa farasi hawana mwenyewe. Wanatengenezwa na kompyuta, kama katuni. Hawanywi maji."

Duka zima likaangua kicheko, mpaka wauza vitenge wa nje wakaja kuchungulia. Nikakosa pa kuuweka uso wangu, nikautazamisha kwenye runinga, ambako mbio zilikuwa zinaishia.

Namba nne alishika mkia. Nikaweka kofia yangu sawa.