Kahawa Isiyonukia

Nilikaa eda nyumbani kwa mama mkwe wangu, Tandika, katika chumba alichokuwa akilala marehemu mume wangu kabla hatujaoana. Pazia lilishushwa mchana kutwa. Nilivaa nyeupe, nikakaa juu ya godoro, nikasikiliza mtaa ukiendelea bila mimi. Wageni walinipa pole kwa sauti ya chini, kisha wakifika nje wanacheka kama kawaida. Niliwachukia kwa kule kutoka kwao.

Kilichonikondesha si msiba peke yake. Wazee wa ukoo walikuwa wameshanong'onezana kwamba eda ikiisha nitaozwa shemeji, mdogo wake marehemu, ili nisitoke mikononi mwao. Shemeji si mtu mbaya. Lakini sikumtaka, na hakuna aliyeniuliza. Kila siku iliyopita ilinisogeza kwake, kwa hiyo nilikuwa mfungwa anayeomba kifungo kirefushwe. "Utazoea," mama mkwe alikuwa akiniambia. "Mpole yule."

Kila alasiri aliniletea kahawa. Yake aliichemsha kwa iliki na tangawizi, nyumba nzima ikanukia. Yangu aliichemsha kando, kwenye dele dogo, tupu, chungu kama shubiri. "Mwenye eda hanukii," alisema. Nilijua katazo ni la manukato ya kujipaka. Iliki ya kikombeni nani kaiharamisha? Ila kubishana na mama mkwe nyumbani kwake ni kujitafutia balaa. Nikanywa.

Siku moja nikamwonyesha kwenye simu video ya mwanaanga, mwanamke, akitengeneza kahawa ndani ya chombo kinachozunguka dunia. Kahawa ya unga imo tayari kwenye mfuko uliofungwa. Anauchomeka kwenye mashine, maji ya moto yanaingia, anautikisa, ananywa kwa mrija. Tone likimponyoka linaelea hewani, naye analifuata kwa mdomo. Mama mkwe akaweka kashata yake chini, akainama karibu.

"Haimwagiki?"

"Haimwagiki, mama."

"Na harufu?"

"Hata haisikiki. Imefungwa."

"Anatokaga nje huyu?"

"Wapi! Miezi yumo humo humo. Hata chakula anapelekewa."

Akamtazama yule mwanamke, nywele zimesimama, uso hauna hata wanja. "Masikini," akasema. "Kafiwa na mumewe lini?"

Nilicheka mpaka nikajiziba mdomo kwa kanga, maana kicheko cha mjane husikika mtaa wa pili. Sikuwa nimecheka tangu mazishi. Nikamweleza kwamba hajafiwa, yuko kazini, kazi kaiomba mwenyewe, na ikiisha anarudi kwao.

"Kaomba mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Yaani aliulizwa, akakubali?"

"Ndiyo."

Kahawa yake ikapoa. Halafu akaniambia jambo ambalo hata mume wangu hakuwahi kuniambia: marehemu baba mkwe hakuwa mume wake wa kwanza. Wa kwanza alikuwa kaka wa huyo baba mkwe, aliyekufa kijana. "Nilitoka eda asubuhi, jioni nikaozwa. Mie sikuulizwa, mwanangu." Na mimi nilidhani ile "utazoea" yake ni maneno tu ya kunibembeleza. Aisifuye mvua imemnyea.

Siku ya kutoka eda mashangazi waliniogesha, wakanivisha nguo mpya. Wazee walikuwa wameketi sebuleni, na shemeji kavaa kanzu iliyopigwa pasi. Kabla mtu hajafungua mdomo, mama mkwe akatokea na begi langu mkononi.

"Huyu anarudi kwao Kigamboni," akasema. "Anayemtaka apeleke posa huko, na amuulize yeye kwanza."

Mzee mmoja akamkumbusha kwamba mambo ya ukoo hayaamuliwi na wanawake.

"Basi mie si wa ukoo. Mlinirithi tu."

Shemeji aliinamisha kichwa, na nadhani alishusha pumzi.

Mama mkwe akanisindikiza mpaka barabarani. Jua liliniumiza macho. Nilimshika mkono nikamwambia, "Mama, twende wote. Kwetu nafasi ipo."

Aliitazama barabara kwa muda, upande huu na upande ule.

"Ningekuwa na umri wako," akasema. Akautoa mkono wake taratibu, akarudi ndani kwa wazee, ambao walikuwa wameshaanza kumwita.