Alhamdu Saba Kabla ya Kuwasha Friji

Friji ikiungua, harufu yake haifanani na kitu kingine chochote cha jikoni. Si moshi wa kuni, wala si wali ulioshika sufuria. Ni harufu kali ya plastiki na rangi, inayoingia puani na kukaa humo siku tatu. Nyumba yetu ya Langoni, mjini Lamu, ina kuta nene za mawe, na hewa ikishaingia haina haraka ya kutoka. Harufu ile ilijishika kwenye mapazia, kwenye mito, hata kwenye buibui la mama lililotundikwa nyuma ya mlango. Mama alifukiza udi mpaka makaa yakaisha, na harufu ikabaki pale pale. Mimi nilikuwa na miaka kumi, nimekaa kwenye ngazi ya kupandia juu, nalia kwa kwikwi, kwa sababu kila mtu mle ndani alikuwa ameshakubali kwamba aliyeiunguza friji ni mimi.

Friji ile haikuwa ya sharubati. Ilinunuliwa kwa ajili ya Bibi, mama yake mama, aliyekuwa na ugonjwa wa sukari na kuchomwa sindano asubuhi na jioni. Vichupa vya dawa yake vilikaa kwenye mlango wa friji, ndani ya bakuli la udongo lenye mfuniko, na hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa ila mama na mimi. Nililala chumba kimoja na Bibi tangu nilipoachishwa ziwa. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma, kusuka ukili na kunyamaza watu wazima wanapozungumza, ingawa hilo la mwisho sikulishika vizuri. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba Bibi ataweza kuishi nyumbani kwetu maadamu dawa inakaa kwenye baridi. Kwa hiyo friji ikiwa nzima, Bibi yupo. Hesabu hiyo niliielewa kuliko zote nilizofundishwa shuleni.

Umeme wa Lamu wakati huo ulitoka kwenye mashine za dizeli, na ulikuwa na tabia zake. Ulikatika bila kuaga. Ubaya zaidi ulikuwa katika kurudi kwake, maana ulirudi kwa kishindo, taa zikawaka nyeupe kupita kiasi, zikafifia, zikawaka tena. Mtaani kwetu kila nyumba ilikuwa na maiti yake: redio ya huyu, feni ya yule, televisheni ya jirani iliyolipuka watu wakitazama mpira. Baba, aliyekuwa akifanya kazi Mombasa, aliposikia habari hizo alituma kwa basi kisanduku cha kinga ya umeme na fimbo ndefu ya shaba, akaagiza vifungwe kabla friji haijawashwa.

Wa kuvifunga hakuhitaji kutafutwa. Mjomba Athmani alikuwa fundi wa umeme, na kwetu alikuwa zaidi ya fundi. Mama yake aliugua sana alipomzaa, naye Bibi akamnyonyesha pamoja na mama, ziwa moja huyu, ziwa moja yule. Kwa sheria ya dini yetu huyo ni ndugu wa mama hasa, na Bibi ni mama yake. Fundi mwingine yeyote angeishia dakani, kwenye kibaraza cha mlango, au wanawake wote wangelazimika kujifungia chumbani mpaka amalize. Mjomba Athmani aliingia na viatu mkononi, akaita "Hodi mamangu!" na kwenda moja kwa moja kumbusu Bibi mkono. Hakuna mwanamume mwingine aliyewahi kuangalia kazi yake ndani ya nyumba ile, kwa kuwa baba alikuwa mbali na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kufika ilipo. Nasi hatukuona haja. Mtu hamkagui mwanawe.

Nilimpenda sana, sitaki kudanganya. Alikuwa mtu mzima pekee aliyenijibu maswali. Alifunga kisanduku karibu na swichi kuu, akanionyesha taa yake ndogo ya kijani, akanieleza kwamba umeme ukija kwa wingi kupita kipimo, kisanduku huutupa kwenye waya wa kijani na manjano, waya huupeleka kwenye fimbo ya shaba iliyozikwa, na fimbo huumwaga ardhini, friji isijue lolote. Fimbo aliizika kwenye kiwanda, yaani ua wetu wa ndani usio na paa, siku ambayo sisi sote tulikuwa kwenye arusi ya jirani. Tuliporudi tulikuta mchanga umesawazishwa na waya unachungulia. "Ruki, ndoo," akaniita nisogee. "Kila Ijumaa tia mai hapa. Mchanga wetu mkavu. Ardhi ikikauka, umeme hauna pa kwenda." Basi kila Ijumaa, kabla ya kuoga, nilimwaga ndoo mbili za maji pale. Nilijiona fundi msaidizi, na nikawaringia watoto wenzangu wa madrasa mpaka wakanichoka.

Kazi yangu ya pili aliitunga Bibi. Umeme ukikatika, nichomoe waya wa friji. Ukirudi, nisubiri dakika tatu hadi utulie ndipo niuchomeke. Saa ya ukutani ilikuwa imeshauliwa na chumvi ya bahari, kwa hiyo Bibi alinipimia dakika kwa kisomo. Alhamdu saba, kwa kituo, kila aya na pumzi yake. Alikaa na saa ya mkononi ya babu, mimi nikisoma, na nilipomaliza ya saba alitikisa kichwa kuridhika, kwani dakika tatu zilikuwa zimetimia na kuzidi kidogo. Tangu hapo mama aliweza kwenda sokoni au mazikoni akijua kwamba friji iko mikononi mwangu. Alikuwa akiwaambia majirani, nami nasikia, kwamba Ruki hana mchezo.

Siku yenyewe ilikuwa ya kaskazi, baada ya alasiri, joto limesimama ndani ya nyumba. Mama alikuwa jikoni, Bibi kitandani akivuta tasbihi. Umeme ulikuwa umekatika tangu adhuhuri. Uliporudi nilisimama mbele ya friji, waya mkononi, nikasoma. Nakumbuka nilisoma ya tano huku jasho likiniingia machoni, na sikujifuta, nisije nikapoteza hesabu. Nilimaliza ya saba, nikatazama taa ya kijani, nikachomeka. Friji ikaanza kuunguruma vizuri kabisa. Nilikuwa nimeshageuka kwenda kumwambia Bibi pale taa ya chumbani ilipowaka kama jua na kupasuka, na nyuma yangu friji ikatoa sauti ya kitambaa kinachochanwa, kisha ule moshi.

Mjomba Athmani alifika kabla ya magharibi. Alifungua kisanduku, akakitazama, akakifunga haraka. Alikwenda nyuma ya friji, akachutama pale muda mrefu. Aliposimama hakunitazama mimi, alimtazama mama. "Kinga ni nzima," akasema. "Mwana huyu hakusubiri." Nikasema nimesubiri, nimesoma zote saba. Akanigeukia kwa upole, na upole huo ndio unaonichoma mpaka leo, akasema: "Umesoma mbio, Ruki. Si kitu, wana husoma mbio." Mama akanitaka niape. Nikafungua mdomo na nikashindwa, kwa sababu palepale shaka ilikuwa imeniingia. Pengine ile ya sita niliikimbiza. Pengine nilimeza aya. Mtoto wa miaka kumi atajuaje, na anayemwambia ni fundi na ni mjomba wake? Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kukahesabiwa kuwa ni kukiri.

Tulijaribu kuweka dawa kwenye mtungi uliozungushiwa mchanga uliolowa maji. Kwa joto lile haikusaidia. Sukari ya Bibi ikapanda, miguu ikavimba, na wiki ya pili uamuzi ukafanywa bila mimi kuulizwa: Bibi ahamie Malindi kwa mama mdogo, kwenye friji na hospitali karibu. Walimbeba kwa kiti hadi gatini. Nilishika ncha ya leso yake mpaka mama akanibandua vidole. Friji nyingine ilikuja baada ya mwaka mzima, lakini Bibi hakuwa tena mtu wa kusafirishwa. Usiku nililala peke yangu katika chumba chetu, na mchana nikakuta kwamba kazi zangu zote zimepewa dada yangu mdogo, ambaye hakuweza hata kufunga vifungo vyake vizuri. Mama hakunipiga wala kunitukana. Aliacha tu kunituma.

Watu wangecheka kama ningewaambia kwamba mpaka nimekuwa mwanamke wa watoto watatu, siwezi kusoma Alhamdu bila kusimama katikati na kujiuliza kama nimeikimbiza. Katika sala hurudia rakaa. Mume wangu hudhani ni ucha Mungu, nami nimemwacha adhani hivyo.

Mwaka huu nimerudi Langoni kukaa na mama, ambaye sasa ndiye anayechomwa sindano, na jambo la kwanza nililofanya ni kutafuta fundi wa kupitia nyaya za nyumba. Nimempata Bi Zuhura, binti wa Siyu aliyesomea umeme Mombasa, anayepita vichochoroni na ngazi begani bila kujali nani anamtazama. Hahitaji ndugu wala ziwa la mtu ili aingie ndani. Alikuja na kisanduku kipya cha kinga, akaniuliza kama nyumba ina fimbo ya ardhini. Nikamwambia ipo, tena kwa fahari, nikampeleka kiwandani nikamwonyesha mahali. Alifuata waya wa zamani kwa kijiko cha mwashi. Hakuchimba hata kiasi cha mkono. Waya ulikuwa umezungushwa kwenye msumari wa paa, mrefu kama kidole changu, umeoza kwa kutu, na chini yake mchanga mtupu. "Dada," akasema, "hapa hapakupigwa fimbo. Kisanduku chenu kilikuwa na taa tu, umeme hauna pa kwenda." Nilichukua ule msumari nikauosha bombani. Sijui kwa nini niliuosha.

Nilimpelekea mama kitandani. Nilikuwa nimejiandaa kumwona akishtuka, hata nilikuwa nimepanga maneno ya kumtuliza. Aliutazama, akafunga macho, akasema, "Naliyua." Alijua tangu mwezi ule ule. Bibi alikuwa ameshakwenda Malindi, mama akataka kupanda asumini kiwandani, akachagua pale kwa kuwa mchanga wake ulikuwa na unyevu wa ndoo zangu. Alipouona msumari aliufukia tena, akamwita ndugu yake, naye akalia mbele yake. Fimbo yetu alikuwa ameipeleka kwenye jumba la wageni Shela, ambako mwenye nyumba alimsimamia akiangalia kila waya, na fimbo iliyoagizwa kwa jumba hilo ilikuwa imekosa boti. Alikusudia kuturudishia, akasahau, kisha akaona haya. Alimwomba mama jambo moja tu, Bibi asijue. Na mama akakubali.

"Na mimi je?" nikamuuliza. Sauti yangu ilitoka ya mtoto, nikaichukia. "Wewe ulikuwa mwana," akasema. "Wana husahau. Na mamangu angekufa kwa kuyua kwamba Athmani ndiye aliyemtoa nyumbani." Nilitaka kupiga kelele. Nikapanga vichupa vyake mlangoni mwa friji kwa sababu ulikuwa wakati wake. Bi Zuhura amepigilia fimbo ya kweli, ameipima mbele yangu, na kipimo chake nimekisoma kwa macho yangu mwenyewe. Umeme siku hizi unatoka bara kwa nyaya ndefu, bado hukatika na kurudi kwa kishindo, na friji inanguruma tu. Nyumba hii haijawahi kuwa salama kama ilivyo sasa, nami sijawahi kuwa na hasira ndani yake kama niliyo nayo. Mjomba Athmani alizikwa miaka mingi iliyopita. Nililia siku tatu. Machozi yale nayataka yarudi.

Mama akasema, kama anayenipa zawadi, "Lakini Bibi si alikusamehe?" Alinisamehe, ndiyo. Ilikuwa Malindi, miezi michache kabla hajafa, na Mjomba Athmani ndiye aliyetusindikiza safari nzima, akanishikia mkono boti ilipoyumba. Bibi alikuwa amepungua hadi amekuwa mdogo kuliko mimi. Alinivuta karibu, akaniambia kwamba ameniwia radhi kwa lile la friji, kwamba nisilibebe tena, kwamba kila baada ya sala humwomba Mola anipe subira. Mjomba alikuwa upande wa pili wa kitanda, ameshika gilasi ya maji ya mama yake. Mama alikuwa nyuma yangu, mkono wake begani kwangu. Kisha mama akanisukuma kidogo, akaniambia nimshukuru Bibi, nami nikainama, nikaubusu ule mkono, nikasema ahsante.