Upande wa Dereva

Mvuta magari wa pale kwenye barabara ya mashindano, milimani Eifel, ana mikono mipana na sauti ya mtu anayebembeleza mtoto. Asubuhi ile, ukungu ukiwa bado umelala barabarani, alitandika mbao mbele ya matairi ili pua ya lile gari lililokaa karibu na ardhi isikwaruze, akalivuta kwa winchi polepole hadi juu ya lori. Heike alisimama kando akitazama. Jana yake mumewe, Jörn, moyo ulimsimama humo humo ndani ya gari, mikono ikiwa kwenye usukani.

“Nafunga matairi tu, mama,” mvuta magari alisema, akikaza mikanda. “Bodi liache lipumue kwenye springi zake.”

Kisha akachuchumaa, akafumba jicho moja kama afanyavyo siku zote. Upande wa dereva ulikuwa umelala chini kuliko wa pili.

“Springi imekatika?” Heike aliuliza.

“Springi ni nzima kabisa.”

Akavua kofia, akafungua mlango wa dereva. “Haya, bwana, safari imeisha. Shuka taratibu, hapa ni juu.”

Gari likainuka upande ule, kiasi cha kidole. Heike akajikuta amesogea kando, kumpisha.