Ufito wa Mbuta Katika Maji ya Bwawa

Siku yangu ya kwanza katika kituo cha vifaranga vya samaki, nje kidogo ya mji wa Busia, nilipewa jembe. Nilikuwa nimevaa viatu vipya. Msimamizi wa Kituo, mtu mrefu wa maneno machache, alinitazama miguuni akasema, "Dada Nabwire, hapa tunafuga udongo kwanza. Bwawa likivuja, samaki utawafugia wapi?" Nikavua viatu, nikaingia mtaroni.

Ninyi vijana mnaofuga samaki leo mna chakula cha kununua dukani na simu ya kumwita mtaalamu. Sisi tulifanya kazi kwa macho na mikono. Tulijifunza kukokota wavu bila kuwachubua ngege, hao perege wa bwawani, magamba, na kuingiza mkono majini hadi kwenye kiwiko ili kupima rangi: kiganja kikionekana wazi kabisa, maji hayana chakula, na ni lazima kutia samadi.

Ghalani kulikuwa na ufito mmoja wa kuvulia, mnene, mgumu, wenye rili ya kukunjia mshipi, kubwa kama kikombe cha chai. Uliachwa na mgeni mmoja aliyependa kuvua mbuta, yule sangara wa ziwani. Mbuta ana nguvu, kwa hiyo ufito wake haupindi ovyo. Kila nilipoingia kuchukua pumba za samaki niliutazama, nikijiuliza unaweza kufanya nini kwenye mabwawa yetu madogo.

"Huo utakusumbua," Msimamizi aliniambia nilipoomba kuujaribu. "Kwenye bwawa ni kama kutwanga dengu moja kwa mchi."

Alikuwa na haki ya kucheka. Nilitia mnyoo kwenye ndoano, nikarusha, ukaanguka karibu na vidole vyangu. Ufito mgumu hautupi kitu chepesi. Ni lazima upate uzito wa kuupinda kwanza. Nikafunga chubwi, kile kipande cha risasi kinachozamisha mshipi, na safari hiyo nikafika katikati ya bwawa. Lakini ngege ana mdomo laini, na ufito ule uliuchana kabla sijamfikisha ukingoni. Basi nikawaacha ngege, nikahamia kwa kambare wanaojificha chini ya mayungiyungi. Hapo nikaona faida. Ufito mwepesi humpa kambare nafasi ya kujizungusha kwenye mashina mpaka mshipi ukatike. Huu ulimtoa moja kwa moja, pamoja na majani yake.

Siku moja niliondoa ndoano, nikaburuta chubwi peke yake. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka tu kujua. Nikashangaa. Ufito ule, kwa sababu ya ugumu wake, ulileta kila kitu mpaka kiganjani. Tope lilivuta taratibu kama uji mzito. Changarawe iligongagonga. Kisiki kilikwamisha, halafu chubwi likaruka. Nilikuwa naisoma sakafu ya bwawa bila kulikausha. Msimamizi akaja akasimama nyuma yangu muda mrefu. Mwishowe akaushika mwenyewe, akavuta, akanirudishia. "Endelea," akasema. "Na uniambie unachokisikia."

Baadaye nilihamishiwa Tororo, chini ya Afisa Samaki wa Wilaya, mama aliyependa kwenda shambani kuliko kukaa ofisini. Ufito nikaruhusiwa kwenda nao. Afisa ndiye aliyenituma Kisoko, kwenye bwawa la kikundi cha akina mama, lililochimbwa kandokando ya kinamasi. Ngege wao walikuwa wanapungua, na hakuna aliyewaona wakifa.

Nilipofika, mwenyekiti wao, Mama Athieno, hakunionyesha maji. Alinionyesha kibanda cha mlinzi. "Mwizi anaishi pale," akasema. "Leo anaondoka."

Mlinzi, Mzee Owor, alikuwa amekaa mlangoni, blanketi lake limeshafungwa kwa kamba. "Mimi hapana kula samaki ya watu," akaniambia kwa sauti ndogo. "Mimi nalinda tu. Hii watu nazaliwa na wao, sasa naniita mwizi."

Nikamwomba mwenyekiti anipe asubuhi hiyo. Nikazunguka bwawa nikiburuta chubwi karibu na kingo. Kila upande ulikuwa tope, tope tu. Kisha, upande wa kinamasi, chubwi likadondoka ghafla, mshipi ukalegea mkononi.

"Kuna shimo hapa," nikasema.

"Shimo haliibi samaki," Mama Athieno akajibu.

"Labda. Tumuulize aliyemo ndani."

Nikafunga waya mbele ya ndoano, kwa sababu nilishaanza kumshuku kamongo, yule samaki wa matopeni mwenye umbo la nyoka, na meno yake hukata mshipi wowote. Nikaweka kipande cha nyama ya samaki, nikakishusha mdomoni mwa shimo. Tulingoja mpaka akina mama wakaanza kuzungumza mambo ya mahindi. Ufito ukainama. Ilikuwa mara ya kwanza kuuona ukipinda kweli. Nilirudi nyuma hatua kwa hatua, na Mzee Owor akaacha blanketi lake, akaja kunishika kiuno nisiteleze. Kamongo akatoka, mnene kama paja, akijisokota kwenye majani. Tumboni mwake tulikuta ngege.

Bado mmoja peke yake asingeweza kumaliza bwawa. Tukachimba ukingoni, tukakuta njia yake imetoboka mpaka kinamasini. Maji ya pande zote mbili yalikuwa usawa mmoja, ndiyo maana bwawa halikupungua wakati samaki wakitoka.

Mama Athieno alimfuata Mzee Owor. "Mzee, tulikosea."

"Mlikosea," akajibu. "Mimi nataka useme mbele ya watu. Vile mlisema wizi, mbele ya watu."

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Mama Athieno alisimama nje ya kanisa, akasema kuwa walimsingizia mlinzi wao, akimtaja jina. Mzee Owor akasikiliza mpaka mwisho, akavaa kofia yake, akarudi kazini.

Sasa nimestaafu, na kituo kiliniachia ufito kwa kuwa hakuna mwingine aliyeutaka. Vijana huniuliza wanunue wa aina gani. Nawaambia waanze na ule walio nao, wajue kwanza unakataa kazi gani. Majuzi, kwenye bwawa moja huko Osukuru, chubwi langu lilipita juu ya kitu laini ambacho si tope wala si majani. Nikalirudisha polepole, likapita tena.

"Ni nini hicho, mama?" mwenye bwawa akauliza.

"Sijui," nikamwambia, na nikamwachia ufito aushike yeye, aniambie anachokisikia.