Sura Zilizokuwa Mikononi Mwangu

Volkano iliposhuka mjini, watu walibeba magodoro, mbuzi na wazee wao. Mimi nilibeba sura za watu. Studio ya picha niliyoachiwa na baba ilikuwa mtaa wa Majengo, na filamu za wateja wa miaka yote zilijaa masanduku. Nilizimimina kwenye beseni la kufulia, nikalifunika kwa kitenge, nikaingia katika umati ulioelekea mpakani. Anga lilikuwa jekundu. Majivu yalitua mabegani polepole, nami nilitembea kama anayeota, kichwani nimebeba maharusi, watoto wa komunyo na marehemu, wote wamenyamaza.

Tuliporudi, studio ilikuwa imesimama. Nyumba nyingi za wateja wangu hazikuwepo. Wakaanza kuja, viatu vimeungua soli. “Mama, nipatie mama yangu,” mmoja aliniambia, utadhani nimemficha chumba cha nyuma. Nilimsafishia picha. Mtu alihitaji kusema tu kwamba ni ndugu yake. Kwetu undugu hauombwi ushahidi. Kuuliza ni matusi. Nami nilivimba kichwa, nikijiona mwenye kumbukumbu za mji mzima.

Kisha uasi ukaingia, na mji ukapata wakubwa wapya. Alasiri moja ya mvua alikuja mwanaume mwenye sauti ya upole na viatu visivyo na tope hata kidogo.

“Mama, nipatie foto ya ndugu yangu. Ni mutoto wa baba mudogo.”

Akataja jina la dereva wa barabara ya Bunagana. Dereva huyo nilimpiga picha alipopata lori lake la kwanza. Nilijua pia yaliyosemwa sokoni: aliwabeba majeruhi wa upande mwingine, na wenye bunduki walikuwa wakimtafuta. Walikuwa na jina lake tu. Sura hawakuijua.

Nilimwambia mashine imeharibika, arudi kesho. Alipotoka, nilikasirika. Kuja kunidai undugu, mbele ya picha ya baba yangu iliyo ukutani!

Nilitafuta kipande cha filamu chenye sura ya dereva, nikakifunga kwenye ncha ya kitenge, nikaenda kwa mama yake. Alikuwa ameshajenga kibanda cha mbao juu ya lava, akipika maharagwe. Nilimuuliza kama mwanawe ana ndugu kwa baba mdogo.

“Hapana. Baba yake alizaliwa peke yake.”

Nikamweleza yote, nikamkabidhi filamu. “Mama, hii si yangu. Ukitaka, uchunge. Ukitaka, uchome. Kesho watakuja kupekua kwangu.”

Picha zote za mwanawe alizokuwa nazo ziliungua pamoja na nyumba. Aliinua kile kipande kwenye mwanga wa mlango. Kwenye filamu weusi huwa weupe, kwa hiyo kijana wake alikuwa na nywele nyeupe kabisa.

“Angalia,” alisema taratibu. “Amekuwa muzee.”

Akakitazama hadi maharagwe yakafurika. Kisha akasogeza sufuria, akakiweka kwenye makaa.

Kesho yake yule mwanaume alirudi na wenzake, wakapindua masanduku yote. Hawakupata kitu. Baadaye dereva mwenzake alituletea habari kwamba kijana alipita Bunagana akaingia Uganda. Tangu hapo hajathubutu kutuma hata salamu. Nami nikaweka sheria: hakuna atakayepewa picha ya mwingine ila mwenyewe aje. Wateja walininunia, wengine wakasema nimekuwa muzungu. Sikujali.

Siku hizi wakubwa wa makampuni hukaa kwenye hoteli za mtaa wa Himbi, wakifundishwa kulinda siri za wateja kwenye kompyuta. Nami nilialikwa, kama mwenye studio. Mwalimu aliuliza habari za mteja ni mali ya nani. Wenzangu walijibu haraka: ya kampuni. Nilitazama ziwa dirishani.

Yule mama bado huja studio. Hukaa kwenye kiti cha wateja, mbele ya pazia, na kuniomba nimsimulie mwanawe alivyokaa pale. Nimemwambia kuhusu shati, na kola aliyoifunga hadi juu. Majuzi aliniuliza jambo jipya.

“Alikuwa anacheka?”

Nilipekua kichwa changu chote. Nimepiga picha nyuso nyingi mno, na yake imeshachanganyika na nyingine.

“Ndiyo, mama,” nikasema. “Alikuwa anacheka.”