Papa alikataa wagombea wote wawili, akajikuta kachaguliwa yeye (Bukavu, wakati wa vita)

Wakuu, poleni na majukumu.

Jana nimesoma uzi wa mdau anayeishi Marekani, analia kwamba vyama vyao viwili vikubwa vyote vimemchosha na hajui ampe nani kura. Nimecheka mpaka wife akaja kuuliza kuna nini.

Hiki kisa ni cha kwetu Bukavu na nilikuwepo. Sijaongeza kitu, kwa sababu hakihitaji.

Tulikaa mtaa wa Nguba. Papa, yaani baba yangu, alikuwa mwalimu wa sekondari, mshahara anauona ndotoni, lakini tai kila siku. Chumba cha nyuma alipanga Mmarekani mmoja wa NGO, Betty. Tulimwita Maman Betty ingawa hakuwa na mtoto.

Mwaka ule, 2000, kwao kulikuwa na uchaguzi wa rais. Kila jioni tukisikiliza redio, Betty ananuna.

"Papa, hawa wawili wote ni hovyo," alisema kwa Kiswahili chake cha darasani. "Mmoja anatudanganya kwa kelele, mwingine kwa upole. Safari hii sipigi kura."

Papa nusura amwage chai.

"Maman Betty, muko na vyama mbili na munalalamika? Siye tulikuwaka na kimoja, tena kila mutoto anazaliwa tayari mwanachama! Chagua tu. Mutu mukubwa anachagua."

Alimhubiria hivyo siku nyingi. Halafu zamu yake mwenyewe ikafika.

Waasi walioshika mji walitaka kila avenue (mtaa) ichague chef (mkuu) wake. Kwa wasiojua: chef d'avenue ndiye anayefuatwa na askari wakitaka kitu. Wakitaka vijana wa kupeleka porini kupigana, ndiye anaonyesha nyumba. Mimi ndevu zilikuwa zimeanza kuota, na Maman, mama yangu mzazi, hakuwa anapata usingizi.

Wagombea walikuwa wawili.

Papa Bahati, mwenye baa, rafiki wa makomanda. Kila mbuzi aliyefugwa kwa siri mtaani kwetu aliishia kuwa mchuzi kwenye baa yake.

Na Papa Zihindula, chef wa zamani. Risasi zilipoanza alikimbilia Kamanyola na virago vyake juu ya toroli la mtaa, lile la kuzolea taka. Yeye alirudi salama. Toroli hatukuliona tena.

Kura ilikuwa ya foleni: unasimama nyuma ya mtu wako, ajenti wa waasi anahesabu vichwa.

Papa akamtazama Bahati. Akamtazama Zihindula. Akanitazama mimi. Kisha akaenda kusimama peke yake kando ya mtaro, mikono nyuma.

Maman akamfuata, maana angesimama wapi tena? Jirani yetu mwenye vijana wawili waliojificha darini akasimama nyuma ya Maman. Akaja mwingine. Na enzi zile kwetu ukiona foleni unaingia kwanza, wanachogawa utauliza baadaye.

Papa hakugeuka hata mara moja. Alidhani zile kelele ni za watu wa Bahati.

Ajenti akamaliza kuhesabu, akaja kumpa mkono wa hongera.

"Félicitations, chef."

"Chef wa nani? Mie nilikataa tu!"

"Ulikataa na batu bengi, Papa. Sasa fanya kazi."

Wakuu, mzee alirudi nyumbani akajitupa kitandani na viatu vyake.

Haukupita muda komanda akaja na askari wake kutafuta vijana. Mimi nilikuwa chini ya kitanda cha Betty, vumbi tupu, nimebana chafya. Nilimsikia Papa wazi kabisa:

"Komanda, mie hii kazi sikuiombaka. Sikuombaka mutu kura. Batoto ya batu siwezi kutoa, hakuna mwenye alinipa ruhusa. Uliza bale balioomba."

Bahati akaitwa. Alikuwa bado amenuna, akajibu kwamba yeye si chef, aliyechaguliwa ndiye aulizwe. Zihindula alikuwa ameshatoka mbio kitambo. Komanda alizungushwa mpaka jua likamchosha, akachukua kuku wetu akaondoka.

Nilipotoka nilimkuta Papa ameshika ukuta. Sijawahi kumpenda baba yangu kama siku ile.

Betty aliona yote. Karatasi yake ya kura, aliyotumiwa kutoka kwao, ilikuwa imekaa mezani muda wote bila kujazwa. Akaijaza siku hiyohiyo, ikavuka mto Ruzizi wa mpakani na mfanyakazi mwenzake, ikatumwa kwa posta. Baadaye ndipo akatuambia kwamba kwao kuna nafasi ya kuandika jina la mtu mwingine yeyote, na yeye kaandika la Papa.

Papa alicheka sana.

Kisha Wamarekani wakaanza kuhesabu, na hawakumaliza. Wiki zikapita, redio inasema rais bado hajulikani. Mzee akaacha kucheka.

Asubuhi moja akazima redio, akamwita Betty pembeni.

"Niambie ukweli. Kule kwenu, bale benye balikataa bote babili, beko bengi?"

"Wengi sana, Papa."

Papa akakaa chini, akafungua tai.

"Andikia bale batu. Sema nilihama, haijulikane nilienda wapi."

Funzo nililopata: ukiona wote ni hovyo, usijifungie ndani. Toka ukasimame mahali watu wanakuona, na uwe tayari kupewa kazi. Papa aliishika kazi ile mpaka vita vikaisha, akilalamika kila siku, na hakuna kijana hata mmoja wa avenue yetu aliyetajwa kwa mdomo wake.

Haya, wadau. Huko kwenu ukikataa wote wawili, nani anasimama nyuma yako? Tupeni visa vyenu.